Mnaniuliza nalipwa shilingi ngapi kwenye kile kitreni, leo najibu

Habari zenu ndugu zangu, wazee wangu shikamooni, na nyie wa Muheza mnaoangalia kwa bando la usiku nawaona. Leo sina maneno ya kufungulia. Kila nikiweka picha nikiwa na ovaroli pembeni ya kile kichwa cha treni cha mvuke, swali ni lile lile, kaka wanalipa ngapi kwa saa, kaka tuunganishe, kaka hiyo kampuni inatoa sponsa ya viza? Nimejibu kwenye komenti mpaka nimechoka, na inboksi ndo usiseme. Kwaiyo nalijibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena namtumia hii video.

Silipwi. Hata senti. Ni kazi ya kujitolea, na tena nauli ya kufika kule natoa mfukoni kwangu.

Najua komenti zitakuja za aina mbili. Wa kwanza atasema huyu anajigamba, ana hela nyingi mpaka anafanya kazi bure. Wa pili atasema alaa kumbe Ulaya kugumu, jamaa anasukuma treni bila malipo. Wote wawili naomba mnisikilize mpaka mwisho ndo mniandikie. Sijigambi, kodi yangu nalipa kwa zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mnajua. Na silalamiki pia, hakuna aliyenilazimisha kwenda kule, naenda mwenyewe kwa hiari yangu na ningeenda hata kama ni mbali zaidi.

Pale mahali panaitwa Rural Life Living Museum, pako kijiji cha Tilford karibu na Farnham, mkoa wa Surrey, kusini mwa Uingereza. Ni makumbusho ya maisha ya shamba. Wamekusanya majembe, mikokoteni, karakana ya fundi wa magurudumu ya mbao, vitu vya kilimo cha hops maana Farnham ilikuwa maarufu kwa hops za kutengenezea bia, na kuna mpaka nyumba ya zile zilizojengwa harakaharaka baada ya vita vya pili. Walioanzisha ni mtu na mke wake, Henry na Madge Jackson, walikuwa wanaokota vitu vya zamani ambavyo watu wanatupa, wakafungua 1973. Sio serikali, sio mfalme. Mtu na mke wake. Naomba hilo mlikumbuke nitakapofika kwenye habari ya kwetu.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna reli ndogo, Old Kiln Light Railway, inapita kwenye miti. Upana wa reli ni futi mbili, milimita 610. Wale wa SGR mnaojisifia Dar mpaka Dodoma, yenu ni milimita 1435, ile ya zamani ya kati na ya Tanga ni 1000, hii ni 610, yani mtu mzima anasimama miguu huku na huku ya reli bila shida. Siku nyingi inavutwa na dizeli ndogo, mvuke wanawasha siku maalumu. Vichwa vya mvuke ni viwili ambavyo mmeviona kwenye picha, Pamela katengenezwa Leeds na kiwanda cha Hunslet mwaka 1906, na Elouise ni Mjerumani, Orenstein & Koppel, 1922. Zina miaka zaidi ya 100 jamani na bado zinakwenda.

Na hapo ndo watu wanasema aa ni treni ya watoto. Hapana. Watoto wanapanda ndio, lakini hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto, hizi zilikuwa za kazi. Reli ya futi mbili ilikuwa ya machimbo ya mawe, mchanga, matofali, mashamba, na kwenye vita vya kwanza vya dunia waliitumia kupeleka mizinga na chakula mpaka kwenye mahandaki kule Ufaransa. Vita ilipoisha vile vichwa na mabehewa vikauzwa bei ya chini, wenye machimbo na mashamba wakavinunua.

Mnasema nabonyeza vitufe tu. Ngoja niwaambie. Kichwa cha mvuke huwashi kama gari. Unafika asubuhi mapema, unatoa majivu ya safari iliyopita, unasafisha yale mabomba ya ndani ya boila, lile tangi la kuchemshia maji, unaangalia kwanza kioo kinachoonyesha maji yamefika wapi kabla hujagusa kiberiti, maana boila ikikauka maji huku moto unawaka ni hatari ya kuua mtu. Afu unaanza na kuni na matambara yenye mafuta, makaa yanafuata taratibu. Inachukua masaa. Huwezi kuharakisha, ni kama chungu kipya cha udongo ukikibandika kwenye moto mkali ghafla, kinapasuka. Wakati moto unapanda unazunguka na kopo la oili, kila kiungo kinataka oili yake. Na kila mwaka anakuja mkaguzi wa boila, na baada ya miaka kama kumi hivi boila inafunguliwa yote inakaguliwa upya, gharama yake ni maelfu na maelfu ya pauni, na hizo zinatoka kwenye tiketi, michango na kuuza keki na chai.

Makaa nayo ni kilio. Zamani reli kama hizi zilikuwa zinachukua makaa ya Wales, mgodi wa Ffos-y-fran ukafungwa Novemba 2023, saivi wengi wananunua ya kutoka nje au yale ya unga wa makaa uliogandishwa, na bei ilishapanda toka vita ya Ukraine 2022. Nawaambia hivi ili mjue hakuna mtu anayetajirika pale. Wengi ni wazee wastaafu, kuna waliokuwa mafundi, walimu, wahasibu, wanakuja Jumapili kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, kwenye mvua. Waingereza wana hii tabia toka 1951, walipookoa reli ya Talyllyn kule Wales, ndo ilikuwa ya kwanza duniani kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Haya, makaratasi, maana najua wapo wanaotaka kuja kwa njia hiyo. Makumbusho haitoi sponsa kwa kusukuma treni, futa hiyo kichwani. Viza yangu ya kazi za utunzaji inaruhusu kujitolea, nilisoma kabla sijakanyaga kule. Aliyekuja kutembea anaruhusiwa kujitolea kwenye taasisi ya hisani iliyosajiliwa, isizidi siku 30 kwa jumla. Lakini hiyo ni habari yangu mimi na viza yangu, yako isome mwenyewe neno kwa neno au muulize mwanasheria, usije ukasema fulani wa video alisema.

Na nikishataja viza ndo naumia. Mimi nilikuja baada ya Machi 2024, wakati wameshapiga marufuku watunzaji kuleta mke na watoto. Wakala aliyenichukulia hela yangu, simtaji, alijua hilo na hakuniambia, aliniambia familia itakufuata baada ya miezi mitatu. Niliuza kiwanja. Kiwanja cha barabarani. Na saivi hata hiyo njia yenyewe imefungwa toka Julai 2025, mtunzaji mpya kutoka nje haajiriwi tena, kwaiyo anayewaambia ana nafasi za utunzaji Uingereza na mtume milioni kadhaa kwanza, ni mwizi, sijali ana ofisi nzuri kiasi gani. Na sisi tuliopo, mwajiri akinyang'anywa leseni ya kudhamini unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Ada ya kuomba ukaaji wa kudumu mwaka 2025 ilikuwa pauni 3,029 kwa mtu mmoja, na mwaka huo huo serikali ikatangaza inataka kusogeza ile miaka mitano ya kusubiri kabla ya kuomba iwe kumi. Mnaelewa? Unahesabu miaka, halafu wanaisogeza.

Ndo maana ndugu yangu aliponiandikia kwenye grupu la familia, mbele ya watu wote, kwamba nacheza na treni za watoto wakati mchango wa harusi sijamaliza, ile iliniuma na sitaificha. Mchango nilitoa. Ada za watoto nalipa, za wangu na za wasio wangu. Jumapili moja nikiwa sina zamu ni yangu. Kuna mtu hapa siku yake ya mapumziko analala, mwingine anabeti, mimi naenda kupaka oili. Sioni nimemkosea nani.

Sasa sababu yenyewe. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Alikuja Tanga kutoka Kigoma kukata mkonge, akaishia kwenye troli. Wazee wa Muheza, Korogwe na Ngomeni mnajua naongea nini. Mkonge ukishakatwa shambani unafungwa mafungu, unapangwa kwenye vigari, vigari vinavutwa kwenye reli nyembamba mpaka kwenye korona, ndo nyuzi zinatolewa. Majani ya mkonge ni mazito na nyuzi ndani yake ni kidogo sana, bila ile reli hakuna shamba kubwa la mkonge lingefanya kazi. Mkonge wenyewe Mjerumani Hindorf aliuleta 1893, miche 1000, ikafika hai 62, kutoka hapo ndo ikawa nchi nzima inaishi kwa mkonge. Na reli za mashamba yale zilikuwa za sentimita 60, za mtindo wa hawa hawa Orenstein & Koppel, ambao waliuza reli na vichwa vya aina hiyo karibu kila koloni la Mjerumani.

Kwaiyo siku ya kwanza nilipoona jina hilo kwenye bamba la kile kichwa pale Tilford nilisimama. Babu alikuwa akilitamka Kopeli. Sisi watoto tulidhani ni jina la msimamizi wake.

Na hiyo ni sehemu tu. Mombasa kabla ya reli ya Uganda kuanza 1896, kampuni moja ya Waingereza ilishatandika reli ya futi mbili kuanzia 1890, wakaishia maili chache, ikang'olewa, vyuma vyake ndo vikawa njia ya vigari vya kusukumwa na watu mjini Mombasa, mzungu kakaa juu chini ya turubai, Waafrika wanakimbia nyuma wanasukuma. Zanzibar Sultani Bargash aliweka ya kwake ya futi mbili 1879 kwenda Chukwani, mwanzo inavutwa na nyumbu. Vita vya kwanza Wajerumani waling'oa reli za mashamba wakatandika kutoka Mombo mpaka Handeni, na waliosukuma vile vigari ni babu zetu. Nani ana kipande cha hiyo reli leo? Nani ana picha ukutani?

Kwetu nilikokulia, kwenye lile shamba, reli iling'olewa ikauzwa skrepa. Nilikuwa mdogo, naona malori yanapakia. Vigari vikakatwa kwa gesi. Kwa shilingi ngapi kwa kilo sijui, lakini najua hakuna aliyejiuliza tubakize kimoja. Kimoja tu, jamani. Hili ndo linaniuma kuliko viza. Naenda kule Jumapili najifunza namna ya kuunga vipande vya reli, namna ya kujua taruma limeoza, namna ya kulea boila, kwa sababu nataka siku moja nirudi na huo ujuzi mkononi. Malipo yangu ndo hayo, na mnaoniuliza ngapi kwa saa ndo jibu.

Na msiniambie kwetu haiwezekani. Wa Muheza mmeshafika Sigi? Kulikuwa na reli ya sentimita 75 kutoka Tengeni kupanda Sigi, ilikamilika 1910, ilikuwa inashusha mbao kutoka milima ya Usambara. Reli haipo, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ilikarabatiwa ikawa kituo cha wageni cha hifadhi ya Amani. Na Nairobi kuna makumbusho ya reli toka 1971. Kwaiyo tunaweza. Shamba moja la mkonge, mita mia tatu za reli, vigari vinne, mzee mmoja aliyebaki anayejua jinsi korona ilivyokuwa inalishwa, watalii wa Amani wanapita hapo hapo. Sisemi ni rahisi, na sisemi wewe ufanye, kila mtu ana mzigo wake, mimi naongea la kwangu.

Ninachoomba ni kidogo. Kama mzee wako alifanya kazi kwenye troli au korona, Tanga, Korogwe, Muheza, Pangani, Morogoro, Kilosa, popote kwenye mkonge, mrekodi kwa simu. Muulize reli ilipita wapi, kigari kilibeba mafungu mangapi, breki ilikuwaje, walilipwaje. Kama kuna kigari kimetupwa kwenye majani nyuma ya karakana, usikiuze, kipige picha unitumie na uniambie ni shamba gani. Msinitumie CV, tafadhali, hizo siwezi kuzisaidia. Nitumieni vigari.