"Safari" ya Waingereza si safari yetu

Ndugu zangu wafasiri, naanza na maneno matatu: habari, hatari, safari. Kwa Kiarabu ni khabar, khatar, safar. Mswahili hapendi neno liishie na konsonanti likaning'inia, hulitia irabu. Basi hiyo "i" ya mwisho ni mhuri wetu. Mwingereza alikaa India miaka na miaka akisikia "safar" kila siku, wala hakuichukua. Kilichoingia kwao ni safari, yenye "i".

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema Waarabu nao wana "safari". Wanayo, ila ni kivumishi: cha safari, kinachohusu safari. Waingereza wamechukua nomino, tena wameichukua huku. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alivuka bara hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, na katika maandishi yake safari ni lile kundi lenyewe la watu na mizigo. Yaani msafara! Neno lilipotoka ukoo ulibaki nyumbani: kusafiri, msafiri, usafiri, msafara. Kwa hiyo moja likabebeshwa kazi ya mwenzake.

Halafu ikaja bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa, na kwa hesabu yake mwenyewe yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Hapo safari ni kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kamera ikashika zamu.

Sasa kazi yenu. Ukikutana na "safari" kwenye matini ya Kiingereza, tazama mwaka kabla ya kushika kamusi. Ya 1860, andika msafara. Ya 1909, msafara wa kuwinda. Ya leo, kwenda mbugani kuangalia wanyama; ni maneno mengi, lakini ndiyo maana yake. Ukiandika tu "walikuwa safarini", simba wote umewafukuza.

Kinyume chake, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ndiko kunakoniudhi. "Mzee yuko safarini." Mashine ya kutafsiri inatoa "safari" vilevile, na msomaji wa London anamwona mzee na kofia ya kaki juu ya Land Rover. Mzee kapanda basi kwenda Singida, kuna kikao cha mahari! Na "safari hii umeniweza" je? Hapo hakuna hata mwendo, maana yake ni mara hii. Waturuki nao walilipata neno hilihili kwa Waarabu, wakaliita sefer, na wao husema "bu sefer" kwa maana hiyohiyo. Kiingereza hakikupata hata chembe ya maana hii, kwa hiyo msiitafute huko.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Bustani ya simba ya Longleat, Uingereza, 1966, ambayo Waingereza huiita "safari park": hapo safari haina hata safari, mtu anazunguka na gari lake na jioni yuko nyumbani. Siafu, ambao Waingereza huwaita chungu wa safari, nawaruka. La mwisho ni Safari, ile programu ya Apple ya 2003 ya kufungulia tovuti. Hilo ni jina, msilitafsiri, ila herufi kubwa isianguke. Maelekezo ya simu yakisema "fungua safari", mtumiaji atajiuliza anakwenda wapi.