Nani Alimpangia Mwanamke Kikomo cha Nguvu?

Ndugu zangu, kila nikizungumzia wanawake katika magemu ya kuigiza wahusika, mkono wa kwanza kuinuka huuliza habari za mavazi: mbona deraya ya mwanamke huacha kitovu wazi? Tutafika huko. Mimi naanza na hesabu, kwa sababu vazi mchezaji huliona akalikataa, ila hesabu humtawala asijue.

Mwaka 1978 ulitoka mwongozo wa wachezaji wa Advanced Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kete na karatasi, kazi ya Gary Gygax. Mle mna jedwali la nguvu. Mpiganaji binadamu akipata nguvu 18, alama ya juu kabisa ya kete, hurusha kete tena kutafuta asilimia juu ya ile 18. Mwanamume anaweza kufika 100. Mwanamke mwisho wake 50, kete iseme itakavyo. Na tofauti hiyo inauma vitani: mwanamume aliye kileleni huongeza madhara 6 kwa kila pigo la upanga, mwanamke aliye kwenye kilele chake huongeza 3. Nusu! Kwa halfling, wale watu wafupi, mwanamume hufika 17, mwanamke 14. Haya, tafuteni humohumo alikofidiwa, labda kwenye akili, labda kwenye wepesi. Hamtapaona.

Najua kuna kijana pale nyuma anasema moyoni, "Lakini mwalimu, huo ndio uhalisia." Uhalisia upi? Katika mchezo huohuo mchawi anarusha mpira wa moto kwa maneno mawili matatu na kidonge cha kinyesi cha popo na salfa. Joka linaongea. Maiti inafufuliwa. Yote hayo umeyameza, ukakabwa na mwanamke mwenye nguvu? Isitoshe, mhusika si wastani wa wanawake wote. Ni mtu mmoja, shujaa, na mchezaji amemuumba awe wa pekee. Mwanamke anayenyanyua vyuma kwenye Olimpiki, nani humpima kwa wastani wa mtaa wake?

Toleo la pili la mchezo huo, 1989, lilifuta kikomo hicho, na mchezo haukufa. Baldur's Gate, gemu la kompyuta la 1998, ilijengwa juu ya toleo hilo. Lakini mazoea yana mizizi: mwaka 2001 Arcanum, gemu jingine la kompyuta, ilimkata tena mwanamke pointi moja ya nguvu, safari hii ikimrudishia moja ya ustahimilivu.

Tarakimu nyingine ninayotupiwa usoni ni 18. Mwaka 2011 BioWare, watengenezaji wa gemu la Mass Effect, walisema asilimia 18 tu ya wachezaji wake ndio waliocheza na Shepard, shujaa wa gemu hilo, akiwa wa kike. "Unaona, hawamtaki!" Hawamtaki, au hawakuonyeshwa? Jennifer Hale alimpa sauti tangu 2007, lakini sura iliyouzwa dukani ilikuwa ya mwanamume. Sehemu ya tatu, 2012, ndipo mwanamke akawekwa upande wa pili wa karatasi ya jalada. Mkusanyiko wa sehemu zote tatu ulipotoka 2021, waliomchagua walikuwa asilimia 32.

Muda unanitupa mkono. Kuhusu mapenzi nitaje moja tu: The Witcher, gemu la 2007, ilimzawadia mchezaji kadi za picha za wanawake aliolala nao, kama vikombe vya mashindano. Sehemu ya tatu, 2015, inatupa Ciri, mhusika wa kike, tumcheze kwa vipande, naye anapigana kuliko wengi. Deraya sijaigusa, najua niliahidi. Yeyote anayetaka tuijadili, anifuate hapo nje, sitaondoka mapema.