Gordon Moore: Mume wa Betty, Mtu wa Chipu, Mvuvi

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunamkumbuka marehemu Gordon Moore, mmoja wa waanzilishi wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, aliyefariki tarehe 24 Machi 2023 nyumbani kwake Hawaii, akiwa na umri wa miaka 94. Wengi mnalijua jina lake kwa ile inayoitwa Sheria ya Moore, utabiri wake wa jinsi chipu zitakavyokua. Mimi nimemwomba kaka Idi tuanzie kwa mkewe.

IDI: Anza, dada. Maana kila nilipofungua ukurasa wa maisha ya huyu mzee, nilimkuta Betty.

REHEMA: Walikutana mwaka 1947, kwenye mkutano wa viongozi wa wanafunzi huko Asilomar, pwani ya California. Wakaoana Septemba 1950, na muda mfupi baadaye wakahamia Caltech, chuo cha teknolojia cha California, bwana akasomee shahada ya uzamivu ya kemia. Ndoa ilidumu zaidi ya miaka 72. Sasa fikiria: mtu huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vinavyopitwa na wakati kila baada ya miaka miwili. Lakini nyumbani, hakubadilisha kitu.

IDI: Na alikotoka napo palikuwa na utulivu wa aina hiyo. Alizaliwa Januari 1929, akakulia Pescadero, kijiji cha pwani kusini mwa San Francisco. Baba yake alikuwa naibu sherifu. Katika familia yao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo. Kemia yenyewe aliipatia kwa jirani: mtoto wa nyumba ya pili aliletewa zawadi ya kisanduku cha vifaa vya kemia, basi wawili hao wakawa wanatengeneza vilipuzi. Enzi hizo kisanduku cha watoto kilikuwa na kemikali za kweli.

REHEMA: Mungu aliwanusuru! Halafu akaenda kufanya utafiti kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na hapo kuna kisa ninachokipenda. Alipiga hesabu ya gharama za utafiti wao, akagawanya kwa idadi ya maneno waliyochapisha, akapata kama dola 5 kwa kila neno. Akajiuliza kama mlipa kodi anapata thamani ya pesa yake. Kwangu mimi, hapo ndipo unapouona utu wake wote. Hakuna aliyemtuma kufanya hesabu hiyo.

IDI: Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane baadaye. Tupite haraka hapa katikati: mwaka 1956 akajiunga na William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, ile swichi ndogo ya umeme inayojenga chipu. Shockley alikuwa mwanasayansi mkubwa, lakini kumfanyia kazi ilikuwa mtihani. Mwaka 1957 wanane wakaondoka kwa pamoja wakaanzisha kampuni yao ya chipu, Fairchild Semiconductor, Moore na Robert Noyce wakiwemo.

REHEMA: Na ile makala iliyozaa Sheria ya Moore?

IDI: Ilitoka Aprili 1965 katika jarida la Electronics. Wakati huo chipu changamani kuliko zote ilikuwa na vijenzi, yaani transista na sehemu nyingine ndogo za umeme, kama 60 hivi. Moore aliangalia miaka michache ya nyuma, akaona idadi inaongezeka maradufu kila mwaka. Akasema ikiendelea hivyo miaka kumi, mwaka 1975 itafika 65,000. Watu hukumbuka idadi tu. Lakini hoja yake ilikuwa juu ya gharama: kadiri unavyobana vijenzi vingi kwenye kipande kimoja cha silikoni, ndivyo kila kimoja kinavyokuwa rahisi kununuliwa. Ukibana vingi mno, vinavyoharibika vinaongezeka na bei inapanda tena. Kwa hiyo kila kipindi kina kiwango chake kinacholipa, na kiwango hicho ndicho alichoona kinapanda.

REHEMA: Na humo humo akaandika kwamba kutakuwa na kompyuta za nyumbani, na vyombo vya mawasiliano vya kubebwa na mtu binafsi.

IDI: Mwaka 1965! Mwaka 1975 akarekebisha mwendo: maradufu kila miaka miwili. Profesa Carver Mead wa Caltech ndiye aliyeipa jina la Sheria ya Moore. Moore mwenyewe aliona haya, alisema kwa miaka kama 20 hakuweza kulitamka. Na kweli, haikuwa sheria ya maumbile. Ilikuwa ratiba. Viwanda vyote viliogopa kuachwa nyuma, kwa hiyo wahandisi wakajituma kuitimiza.

REHEMA: Hebu niulize jambo, kaka. Mtu aliyeipangia dunia nzima mbio kama hizo, alikuwa bosi wa namna gani?

IDI: Mpole. Yeye na Noyce walianzisha Intel Julai 1968, Andy Grove akajiunga nao mara moja. Mwaka 1971 wakatoa prosesa ya 4004, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, yenye transista 2,300. Grove alikuwa moto. Moore alikuwa msikilizaji. Hakuwa na ofisi ya kifahari, alikaa kwenye meza iliyozungushiwa viambaza vifupi kama wafanyakazi wengine. Mwaka 1985 Wajapani walikuwa wamewabana sana kwenye chipu za kumbukumbu, zile zinazohifadhi data, bidhaa iliyoijenga Intel. Grove akamuuliza: tukifukuzwa, akaletwa mtendaji mkuu mpya, atafanya nini? Moore akajibu bila kusita kwamba atatutoa kwenye biashara ya kumbukumbu. Grove akasema, basi kwa nini tusitoke mlangoni, turudi, tufanye wenyewe? Wakafanya. Uamuzi huo uliumiza watu, viwanda vilifungwa na ajira zilipotea, lakini kampuni ilisimama kwa prosesa.

REHEMA: Mimi hapo nasikia tena yule kijana wa dola 5 kwa neno. Anaangalia hesabu, hata kama jibu linamuuma. Na alijiita mjasiriamali wa bahati tu.

IDI: Ukuu wa utendaji aliukabidhi mwaka 1987, uenyekiti wa bodi mwaka 1997. Sasa endelea wewe, maana ustaafu wake ndio uliotuleta hapa.

REHEMA: Huyu hakustaafu kukaa barazani. Alikuwa mvuvi tangu utotoni, na sasa alipata nafasi ya kusafiri dunia nzima na ndoano yake. Safari hizo zilimfungua macho. Sehemu alizorudi baada ya miaka alizikuta zimejengwa, maji yameharibika. Novemba 2000 yeye na Betty wakaanzisha wakfu wao, Gordon and Betty Moore Foundation, wakiweka humo takriban nusu ya mali yao. Mpaka anafariki, wakfu ulikuwa umetoa zaidi ya dola bilioni 5.1. Ukiangalia zilikokwenda, ni misitu ya Amazoni, mito ya samoni, bahari, sayansi. Mambo yasiyo na haraka. Mto hauongezeki maradufu kila miaka miwili, kaka. Huyu mzee alilijua hilo kuliko wengi.

IDI: Lakini kuna zawadi moja iliyoleta ugomvi, lazima tuiseme. Darubini kubwa ya mita 30, iliyopangwa kujengwa Mauna Kea.

REHEMA: Tuiseme. Mauna Kea ni mlima mtakatifu kwa Wahawaii asilia. Wameupinga ujenzi huo kwa miaka mingi, na mwaka 2019 wazee wao walikamatwa barabarani. Mimi nawaelewa wale wazee, na sioni kwamba kulisema kunapunguza heshima yangu kwa Moore. Nia njema na pesa nyingi hazikupi ruhusa ya mwenye mlima.

IDI: Nakubaliana nawe. Na Betty?

REHEMA: Betty aliwahi kulazwa, akachomwa sindano ya insulini iliyokuwa ya mgonjwa mwingine. Angeweza kuishia kulalamika. Badala yake akasukuma wakfu uwekeze kwa wauguzi: mafunzo yao, idadi yao, taratibu za kuzuia makosa kama lile. Mwaka 2007 wakatoa dola milioni 100 kuanzisha shule ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha California, Davis, na shule hiyo inaitwa Betty Irene Moore.

IDI: Jina lake yeye, si la bwana.

REHEMA: La kwake. Betty mwenyewe alifariki Desemba 2023, miezi tisa tu baada ya mumewe. Wameacha wana wawili na wajukuu wanne. Wiki ijayo tunabaki hapo hapo kwenye uuguzi. Kama wewe ni muuguzi na umewahi kuona utaratibu mdogo ukiokoa mgonjwa, turekodie ujumbe wa sauti, tutauweka kwenye kipindi.