Msaliti wa Shilingi Sita

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wapenzi wa raga: wanaostahili shikamoo naomba waipokee, na wengine hamjambo.

Nianzie Twickenham, London, tarehe 9 Novemba 2024. Australia wanacheza na Uingereza raga ya watu 15. Katika safu ya nyuma ya Australia yupo kijana wa miaka 21, Joseph-Aukuso Sua'ali'i, ambaye hadi jioni hiyo hajacheza hata mechi moja ya kulipwa ya mchezo huo. Wiki chache nyuma alikuwa mchezaji wa Sydney Roosters, klabu ya raga ya watu 13. Mpira wa kuanzishia ukipigwa juu, yeye huruka na kuuwahi angani kana kwamba kaitiwa ngazi. Dakika za mwisho kabisa Australia wakafunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, wakashinda 42–37, na kijana akatajwa mchezaji bora wa mechi.

Nilikuwa nikitazama na rafiki yangu mmoja ambaye raga ya 13 ni dini yake. Alinyanyuka, akazima sauti ya televisheni, akasema neno moja: "Msaliti." Halafu akakaa akaendelea kutazama, maana mechi ilikuwa tamu.

Neno hilo ndilo limenileta hapa leo. Nataka tuulizane: kamsaliti nani? Na deni hilo la uaminifu analodaiwa, nani alimkopesha?

Kwa wasioufahamu mchezo, kwa ufupi. Raga zipo mbili. Moja ina watu 15 kila upande, ndiyo ya Kombe la Dunia mnalolisikia, ya All Blacks wa New Zealand na Springboks wa Afrika Kusini. Nyingine ina watu 13, nayo imeshika mizizi kaskazini mwa Uingereza, mashariki mwa Australia, New Zealand, Papua New Guinea na kusini mwa Ufaransa. Ni ndugu wa tumbo moja waliogombana, na ugomvi wao chanzo chake ni mshahara wa siku.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu bila kisa hiki hakuna kinachoeleweka. Mwishoni mwa karne ya 19, klabu kali za Yorkshire na Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, zilijaa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Watu hawa Jumamosi walikuwa kazini. Akienda kucheza mechi ya mbali, ujira wa siku hiyo umepotea, na nyumbani kuna watoto. Klabu zikaomba jambo dogo tu: mchezaji afidiwe muda wa kazi alioupoteza. Mwaka 1893 ombi likapigiwa kura katika mkutano mkuu wa chama cha raga cha Uingereza, likaangushwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Tarehe 29 Agosti 1895 wakuu wa klabu za kaskazini wakakutana George Hotel, Huddersfield, wakajitoa na kuunda umoja wao. Fidia waliyoiruhusu ilikuwa isiyozidi shilingi sita kwa siku. Shilingi sita! Kwa bwana mwenye mashamba na hati za kampuni, hizo si kitu. Kwa mchimba makaa, ni tofauti ya kulala na njaa na kutolala nayo.

Kanuni zikabadilika baadaye. Mwaka 1897 wakafuta ule mtindo wa kurusha mpira kutoka pembeni huku wachezaji wamepanga mistari miwili. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji hadi 13. Lakini hayo ni mapambo, nyumba ilishagawanyika.

Waliobaki upande wa pili wakajenga ukuta. Ukicheza raga ya kaskazini hata mara moja, hata bila kulipwa, hata kwa majaribio tu, umefukuzwa maisha. Ndiyo maana kijana aliyekwenda kujaribiwa aliandikwa kwenye karatasi ya timu kwa jina la bandia, au akaitwa tu "mchezaji mwingine", ili asipochukuliwa arudi kwao kimyakimya kama vile alikuwa kamtembelea shangazi. Fikirieni hilo: mwanamume mzima anaficha jina lake kwa sababu ameshika mpira.

Sydney nako hayo yalifika. Dally Messenger alikuwa nyota wa raga ya 15, watu walikuwa wakijaza uwanja kumtazama. Agosti 1907 akavuka kwenda raga mpya ya kulipwa. Inasimuliwa kwamba waandaaji walikwenda nyumbani kwao kuzungumza na mama yake kwanza, na mimi naiamini hadithi hiyo kwa sababu ndivyo mambo mazito yanavyofanyika. Chama cha raga ya 15 cha New South Wales, jimbo lenye Sydney, kikafuta kumbukumbu zake vitabuni. Pointi alizofunga zikawa hazikufungwa. Zilirejeshwa mwaka 2007, miaka 100 baadaye.

Sasa niwaambie kitu kinachonichekesha kila nikikisoma. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, ukuta ukaanguka wenyewe. Ndani ya jeshi watu wa raga zote mbili waliruhusiwa kucheza pamoja. Mwaka 1943, uwanjani Headingley mjini Leeds, kikosi cha wanajeshi wa raga ya 13 kilicheza na cha raga ya 15, kwa kanuni za raga ya 15, na wale "wasaliti" wakashinda 18–11. Mwaka uliofuata, mjini Bradford, wakarudia kushinda, 15–10. Kwa hiyo mtu aliyefaa kufia nchi akiwa na sare moja na mwenzake alifaa pia kucheza naye. Vita vikaisha, ukuta ukasimamishwa upya, matofali yaleyale.

Nije kwa Billy Boston, na hapa sitakuwa na haraka.

Alizaliwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, mtaa wa Tiger Bay karibu na bandari, mtoto wa familia nyeusi. Ndoto yake ilikuwa kuichezea klabu ya Cardiff ya raga ya 15, kisha Wales. Kipaji alikuwa nacho, kila mtu alikiona. Jezi haikuja. Timu ya taifa ya Wales ya raga ya 15 haikumpanga mchezaji mweusi hadi miaka ya 1980. Mwaka 1953 Wigan, klabu ya raga ya 13 ya kaskazini mwa Uingereza, wakaja na pauni 3,000, Boston akaenda kaskazini. Alikuwa amecheza mechi chache mno alipochaguliwa katika kikosi cha Britania cha raga ya 13 kilichozuru Australia na New Zealand mwaka 1954, na katika ziara hiyo alifunga trai 36. Hadi anastaafu alikuwa na trai 571.

Mjini mwake huohuo alitoka Clive Sullivan, akaenda klabu ya Hull, kaskazini. Mwaka 1972 aliiongoza Britania kutwaa Kombe la Dunia la raga ya 13 nchini Ufaransa, nahodha mweusi wa kwanza wa timu ya taifa ya Britania katika mchezo wowote. Leo barabara kubwa ya kuingia Hull inabeba jina lake.

Mimi nauliza, na yeyote mwenye jibu anisaidie baadaye: Boston alidaiwa uaminifu na nani? Na jezi iliyomkataa? Mlango umefungwa, wewe uko nje, mvua inanyesha, halafu aliye ndani anakushutumu kwa kuondoka barazani. Mwaka 2023 Cardiff ilizindua sanamu ya wachezaji wake waliokwenda kaskazini: Boston, Sullivan na Gus Risman. Mwaka 2025 Boston akapewa cheo cha Sir, wa kwanza kwa kuchezea raga ya 13. Alikuwa amepita miaka 90. Sijui kama nicheke au nilie.

Kulikuwa na wengine waliokwenda bila kufungiwa mlango, ila nyumba ilikuwa inavuja. Desemba 1988 Wales ilifungwa na Romania 15–9 mjini Cardiff, nahodha akiwa Jonathan Davies. Mwezi uliofuata Davies akasaini Widnes, klabu ya raga ya 13, kwa dau lililotangazwa kuwa pauni 230,000 hivi. Nchi nzima iliomboleza kana kwamba kafa. Hakufa, na mwaka 1995 alirudi Cardiff.

Alirudi kwa sababu ukuta ulikuwa umebomolewa. Mwishoni mwa Agosti 1995, mjini Paris, raga ya 15 iliruhusu rasmi malipo. Zilikuwa zimebaki siku chache tu mtengano wa Huddersfield utimize miaka 100. Karne nzima ya kufukuzana, kisha waliofukuza wakafanya kilekile walichofukuzia. Hakuna aliyeomba radhi kwa sauti ya kusikika.

Mwaka uliofuata Wigan na Bath, klabu ya raga ya 15, wakapimana. Mei 1996, kwa kanuni za watu 13, Wigan walishinda 82–6. Wiki mbili baadaye, kwa kanuni za watu 15, Bath wakashinda 44–19. Wengi hukumbuka pointi, mimi hukumbuka wachezaji walivyokuwa wakihangaika na miili yao. Maana katika raga ya 13 ukiangushwa unaushikilia mpira, unasimama, unauburuza nyuma kwa mguu, na timu yako ikiangushwa mara ya sita mpira unakwenda kwa wapinzani. Katika raga ya 15 ukiangushwa lazima uuachie hapohapo, watu wanakurukia na kusukumana juu yako. Ukiushikilia hata kwa pumzi mbili, firimbi. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kuukumbatia mpira sasa anaadhibiwa kwa kuukumbatia. Kwa hiyo wanaosema mtu anavuka "kufuata pesa tu" hawajawahi kumwona mchezaji wa kimataifa akifundishwa kuanguka upya, kama mtoto.

Lakini nisiwe wakili wa kila mtu. Julai 2008 Sonny Bill Williams, kipenzi cha Canterbury Bulldogs, klabu ya raga ya 13 ya Sydney, alipanda ndege kwenda klabu ya raga ya 15 ya Toulon, Ufaransa, mkataba wake wa miaka mitano ukiwa bado mbichi. Hakuwaaga wenzake. Yaliishia kwenye fidia ya dola 750,000 za Australia. Baadaye alitwaa Kombe la Dunia la raga ya 15 mara mbili na New Zealand, 2011 na 2015, na katikati yake, 2013, akarudi raga ya 13 na kuchukua ubingwa akiwa na Roosters. Siku ile mimi nilimwita msaliti. Leo neno hilo nalirudisha, lakini lawama nabaki nayo. Kosa lake halikuwa kubadili mchezo. Wahenga walisema ahadi ni deni, na yeye aliondoka usiku na deni mfukoni. Angehamia hata klabu ya jirani kwa namna ileile, kosa lingekuwa lilelile.

Na huyu Sua'ali'i wetu? Alitangaza mwaka 2023 kwamba anaondoka, kwa mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 1.6 hivi za Australia kwa mwaka. Akabaki na Roosters hadi msimu wa 2024 ulipokwisha. Tena shuleni alikuwa akicheza raga ya 15, kwa hiyo huyu ni mrejea zaidi ya mhamiaji. Na mwaka 2022 aliivalia Samoa, nchi ya asili ya baba yake, katika fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 13, dhidi ya Australia hiyohiyo. Mnaona ilivyo ngumu kumpa mtu kabila moja la michezo? Unaweza kuuliza kama chama cha raga cha Australia kilifanya busara kumwaga pesa zote hizo kwa mtu mmoja, na mimi nadhani vijana wa klabu za chini wana haki ya kunung'unika. Ila swali hilo waulizwe walioandika hundi. Klabu zenyewe humwacha mchezaji msimu ukiisha, kwa barua fupi, na sijasikia mashabiki wakiiita klabu msaliti.

Nimalizie na Sam Burgess, kwa sababu rafiki yangu wa televisheni, nikimtajia huyu, hunyamaza.

Februari 2014 ilitangazwa kwamba Burgess ataiacha South Sydney, klabu ya raga ya 13, mwisho wa msimu, anakwenda Bath, raga ya 15. Klabu hiyo haikuwa na ubingwa tangu 1971. Kwa hiyo alicheza mwaka mzima kila mtu akijua kwamba anaondoka. Tarehe 5 Oktoba wakafika fainali, dhidi ya Canterbury, ileile iliyotorokwa na Sonny Bill. Mchezo umeanza tu, anashika mpira kwa mara ya kwanza, anakimbia moja kwa moja, anagongana na James Graham wa Canterbury, kichwa kwa uso. Mfupa wa shavu ukavunjika. Akaupangusa uso kwa kiganja, akasimama, akauburuza mpira nyuma kwa mguu, mchezo ukaendelea.

Alicheza dakika zote 80, jicho limevimba likabaki mstari. South Sydney walishinda 30–6 na yeye akapewa nishani ya mchezaji bora wa fainali. Baada ya hapo akafanyiwa upasuaji, kisha akafunga mizigo kwenda Bath.