Baada ya talaka, nani amwandike mtoto kwenye kodi ya Marekani?

Ndugu zangu, hakimu amegawa malezi nusu kwa nusu, na kila mmoja ameshika hukumu yake mkononi. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haianzii hapo. Inauliza kwanza mtoto amelala kwa nani.

Mwaka wa kawaida una usiku 365, kwa hiyo mmoja lazima amzidi mwenzake. Aliyekaa na mtoto usiku 183 ndiye mzazi mlezi, mwenye haki ya kumwandika mtoto, hata kama mwenzake ndiye anayetoa pesa za matunzo. Mtoto akiwa kambini, usiku huo ni wa mzazi ambaye angekuwa naye. Hesabu ikilingana, kama inavyowezekana katika mwaka wa siku 366, mlezi ni mwenye kipato kikubwa.

Hapa tukae kidogo, maana wengi wetu tunakesha kwenye nyumba za wazee na maghala. Mama anaingia shifti saa moja jioni, mtoto analala kwa baba, asubuhi anarudi kwa mama. Tukihesabu usiku, mama ameshindwa. Sheria imeliona hilo: kama sababu ni kazi yake ya usiku, zinahesabiwa siku. Siku ya shule mtoto anahesabiwa yupo kwenye anwani iliyoandikishwa shuleni. Basi mama, hakikisha shule ina anwani yako, na tunza ratiba zako za shifti.

Mkikubaliana baba asiye mlezi amwandike mtoto, mama anasaini Fomu 8332 ya kumwachia haki hiyo, baba anaiambatanisha na fomu zake za kodi. Hukumu ya talaka iliyotolewa baada ya 2008 haishiki nafasi yake. Sainini Sehemu ya Kwanza, ya mwaka mmoja mmoja. Ukishasaini ya miaka ijayo kisha ukaitengua, utenguzi unaanza mwaka unaofuata.

Fomu hiyo inampa baba nafuu ya kodi ya mtoto (Child Tax Credit), hadi dola 2,200 kwa kodi ya 2025, mtoto akiwa chini ya miaka 17. Hadhi ya mkuu wa kaya (Head of Household) na EITC, nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, haviendi nayo. Baba wengi wanajaza vyote vitatu, kisha wanadaiwa kurudisha.

Mkimwandika wote wawili, barua ya IRS iitwayo CP87A, ya kuwaambia kuwa mtoto ameandikwa na mtu mwingine pia, inaweza kuwafikia nyote. Asiyestahili arekebishe kodi yake mapema kwa Fomu 1040-X, fomu ya marekebisho. Anayestahili akusanye barua za shule na kliniki zenye jina la mtoto, anwani na tarehe za mwaka huohuo.