Kabla hujanunua rejeta kubwa, irudishe themostati

Asalaam alaykum. Madereva wa Mkoani nawaona, vijana wa gereji za Wete nawaona, na wale wenye Land Rover zao za kurithi wamekaa nyuma kule, nyie ndo nnaowataka hasa. Nimeitwa hapa Chake, Pemba, nizungumze juu ya kuboresha mfumo wa kupoza injini kwenye gari kongwe za fowili, zile zinazovuta kwa tairi zote nne, na wengi wenu mshanisikia, mnajua ntaanzia wapi. Ntaanzia pale pale. Themostati irudi mahala pake.

Naona mtu anatikisa kichwa. Anataka tufike kwenye rejeta za aluminiamu na feni za umeme. Yatakuja hayo, lakini mtu anatoa pesa nyingi kununua rejeta kubwa halafu anaifunga kwenye injini ambayo themostati yake, kile kidude cha kuamua maji yapite wapi, ilitupwa zamani, na mie kila mwaka nalisema hili na kila mwaka gari zinakuja vile vile.

Yuko bwana mmoja wa upande wa Konde, ana Land Cruiser ya 70, injini 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ambayo Toyota wameanza kuitia mwaka 1990. Gari nzima, haina moshi, inabeba watu na mizigo mpaka Makangale, na msimu wa karafuu inabeba magunia. Ikawa inachemsha kwenye vilima. Fundi wake akamwambia rejeta imechoka, akaagiza mpya kutoka Dar es Salaam, ya safu nne za mirija, nzito, ikaja na boti. Ikafungwa. Siku ya mwanzo gari tupu, iko sawasawa, watu wakapongezana. Siku ya pili kapakia, kafika kilimani, mshale huo unapanda. Akaambiwa pampu ya maji. Ikabadilishwa pampu. Akaambiwa tia feni ya pili mbele ya rejeta, akatia. Kilima kile kile, utingo anashuka na dumu la maji, anatia jiwe nyuma ya tairi. Alipokuja kwangu alikuwa anataka kuuza gari, wallahi, gari nzuri namna ile. Nikamuuliza suali moja tu, themostati imo? Akasema haimo, iliondoshwa tangu gari inashuka bandarini, fundi alisema hizi ni za nchi za baridi, huku kwetu joto.

Kwani Toyota walipoitengeneza gari hii hawajui kama kuna jangwa? Gari hizi zinauzwa Australia, zinauzwa Arabuni, kunakofika nyuzi 45 kivulini, na themostati imo ndani yake! Pemba tukipata 33 tunalalamika.

Sasa skilizeni kwa nini. Ukiitoa themostati kwenye injini nyingi za dizeli itazame kwa chini, utakuta ina visahani viwili. Cha juu ndo mnachokijua nyote, kinafunguka maji yakipata moto yaende kwenye rejeta. Cha chini kazi yake ni kuziba ile njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Injini ikiwa baridi njia ile iko wazi maji yazunguke humo humo yapate joto upesi, ikishapata moto kisahani cha juu kinafunguka na cha chini kinaziba, maji yote yanalazimika kwenda kupoa. Ukiitoa themostati umeondosha vyote viwili, njia ya pembeni inabaki wazi usiku na mchana, na maji ya moto yanapita njia ya panya yanarudi kwenye injini bila kupoa. Rejeta iwe ya safu nne, iwe ya safu kumi, maji yasiyofika kwake itayapoza vipi? Yule bwana alitiwa themostati mpya, bei yake hata lehemu ya rejeta haifiki, akarudi na magunia yake na mshale ukatulia katikati.

Najua wapo mafundi wanaokubaliana na mie kwa sababu nyengine, wanasema bila themostati maji yanapita mbio kwenye rejeta hayapati nafasi ya kupoa. Hapana, hilo nalo liacheni. Maji ni yale yale yanazunguka, yakipita mbio kwenye rejeta basi yanarudi mbio vile vile, na kwa jumla yakienda mbio zaidi ndo joto linatoka zaidi. Tatizo ni njia ya pembeni.

Na kuna atakaesema, mbona yangu haina na haichemshi mwaka wa sita huu? Yakhe, gari yako inakwenda sokoni na kurudi, haijapakia kitu. Na injini yako hiyo haifiki joto lake la kazi, inakula dizeli zaidi, oili inaingia uchafu, silinda zinalika mapema, halafu unasema injini za zamani zinakunywa mafuta. Haichemshi leo, ngoja siku utakayoipeleka kwenye mchanga wa Vumawimbi na watu wanane nyuma, gia ya chini, mwendo wa mtu anaetembea, upepo haupo, ndo utajua.

Kabla hujaifunga, hata ikiwa mpya dukani, ijaribu. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, tia kipimajoto, washa moto. Nyingi zinaanza kufunguka baina ya nyuzi 82 na 88, imeandikwa juu yake mwenyewe. Isipofunguka irudishe dukani hapo hapo. Na ikiwa ina kile kipini kidogo kinachochezacheza, kikae juu, ndo kinachotoa upepo.

Haya, maji. Huku kwetu tunatia maji ya kisima, na visima vyengi vya mwambao maji yake yana chokaa na chumvi. Chokaa inaganda pale penye moto zaidi, yaani karibu na hedi, kichwa cha injini, pale pale unapotaka maji yafanye kazi. Mirija ya rejeta inaziba kidogo kidogo na watu wanasema rejeta ndogo. Tieni maji ya betri, maji nimesema, si asidi, angalieni kibandiko, yakikosekana tieni maji ya mvua yaliyokingwa safi, pamoja na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Mtu ananiambia kulanti ni ya nchi za barafu. Kuzuia barafu ni kazi yake moja, nyengine ni kuzuia kutu, na hedi ya aluminiamu kwenye bloku ya chuma bila dawa ya kutu inalika. Theluthi moja ya kulanti inatutosha, msijaze tupu mkadhani ndo bora, kulanti tupu inabeba joto kidogo kuliko maji. Wala msichanganye kwa kutazama rangi, rangi kila kiwanda kinatia yake.

Kifuniko cha rejeta. Wangapi hapa wamefunga kwa mfuko wa nailoni? Kifuniko kinashika presha, na presha ndo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kile kilichoandikwa 0.9, ndo kipimo cha presha yake, kinayapeleka karibu na 118. Mpira wake ukifa umepoteza nyuzi 18 kwa kitu cha bei ya chai na chapati za watu wachache. Lakini wenye Land Rover Series, zile za mwisho zilizokwisha kutengenezwa 1985, msinunue kifuniko cha presha kubwa kwa tamaa, tieni presha ile ile iliyopangwa kiwandani, rejeta kongwe ile na lehemu yake itapasuka.

Muda unakwenda, rejeta basi. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko aluminiamu, na fundi wa hapa hapa anaifungua, anaisafisha, anaitia lehemu. Aluminiamu nyepesi, mirija yake mipana, nzuri, lakini ikitoboka hapa nani ataichomelea vizuri? Na chumvi ya baharini inakula mapezi ya zote mbili, vile vibati vyembamba baina ya mirija, ukitoka ufukweni mwagia maji yasokuwa na chumvi, injini ikishapoa, kutoka upande wa injini kuelekea nje, taka zirudi zilikotoka. Nene sana si lazima iwe bora, upepo nao unataka kupita.

Feni nasema haraka. Lile kava linalozunguka feni lirudi! Bila kava feni inavuta upepo wa duara lake tu, pembe zote za rejeta hazifanyi kazi. Klachi ya feni, ile inayoikamata feni izunguke na injini, ikiwa inazunguka ovyo wakati injini ina moto, imekufa. Feni ya umeme sikatai, ila ile kubwa inakula ampea 20 mpaka 30, na altaneta kongwe kilimani kwa mwendo mdogo haitoi hizo na taa umewasha. Tia rilei, ile swichi ya kubeba umeme mkubwa, tia fyuzi, hakikisha haizunguki kinyume, nimeziona.

Mshale wa joto msiuamini peke yake, sensa yake inapima maji, maji yakimwagika yote inabaki kwenye hewa na mshale unashuka huku injini inaungua. Kwa hiyo mwenye pesa ya kuongeza kitu kimoja kipya aongeze king'ora cha maji kupungua kabla ya rejeta yoyote.

Hedi gasketi leo haiwahi, na AC vile vile. Mwenye gari yake hapo nje afungue boneti tuitazame, kifuniko msikiguse mpaka ipoe, na fundi yeyote mwenye themostati ya zamani mfukoni aje nayo nimuoneshe hicho kisahani cha chini.