Wapenzi wa Kwenye Manga, Wapenzi wa Kwenye Daftari

Ndugu wasikilizaji, naomba nianzie mlangoni. Yaichi, Mjapani anayemlea bintiye peke yake, anafungua mlango na kumkuta Mkanada wa miraba minne, ndevu tele, aitwaye Mike. Mike alikuwa ameoana na Ryoji, pacha wa Yaichi, ambaye sasa ni marehemu. Anamkumbatia shemeji yake, Yaichi anakakamaa. Mtoto, Kana, ndiye anayeuliza wanachokikwepa wakubwa: kumbe wanaume wanaweza kuoana? Anajibiwa kwamba Kanada inawezekana, Japani bado.

Hiyo ni Otōto no Otto, manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, iliyotoka kwa mfululizo kati ya 2014 na 2017. Mchoraji wake, Gengoroh Tagame, ni shoga na hafichi. Nimeitanguliza kwa sababu manga za namna hiyo ni chache.

Sehemu kubwa ya mapenzi ya wanaume katika manga huchorwa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Keiko Takemiya alikataliwa na wahariri kwa miaka, na alipoanza kuchapisha Kaze to Ki no Uta mwaka 1976, wavulana wake aliwaweka katika shule ya bweni, Ufaransa ya karne ya 19. Mbali kabisa. Msichana wa Kijapani aliyefunzwa kuuonea haya mwili wake akapata kuyatazama mapenzi bila mwili huo kuwamo. Uhuru huo nauheshimu, na sikuja hapa kuwasuta wasomaji wake.

Ila aliyechorwa naye ana la kusema. Mwaka 1992 Masaki Satō, mwanamume shoga, aliandika kwa uchungu katika jarida dogo la watetezi wa wanawake, akilalamika kwamba watu kama yeye wamegeuzwa kitu cha kutazamwa. Mjadala ukachukua miaka. Nami naona alikuwa na haki. Fungueni kurasa zenyewe: mmoja ni seme, anayeanza, mwenzake ni uke (neno la Kijapani, si lile la Kiswahili), anayepokea, kisha ile kauli iliyorudiwa mno katika hadithi za zamani, "mimi si shoga, nakupenda wewe tu." Mapenzi yapo, shoga hayupo. Hana mama wa kumweleza, hana bosi, hana mwenye nyumba anayeuliza hawa wawili ni nani kwa nani.

Mtaani maswali hayo yapo kila siku. Watu wa jinsia moja kupendana si kosa la jinai Japani, lakini ndoa hawapewi. Shibuya na Setagaya, humo humo Tokyo, walianza kutoa vyeti vya wenzi mwaka 2015, navyo havimpi mtu urithi. Mahakama ya Sapporo ilitamka Machi 2021 kwamba kuwanyima ndoa kunakiuka katiba, na mahakama ya rufaa ya huko ikasema hivyo pia Machi 2024. Bunge halijaibadili sheria.

Basi wapo waliotafuta njia ya pembeni: kuasiliana. Sheria inaruhusu mtu mzima kumwasili mtu mzima, mradi anayeasiliwa asiwe mkubwa kuliko mwenzake. Tofauti ya siku moja inatosha. Kwenye koseki, daftari la familia, mpenzi wako anaandikwa mwanao, na urithi unaupata. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza mzazi na mtoto wa kuasili kuoana, hata baada ya kuvunja uasili wao. Ndoa ikiruhusiwa kesho na kifungu hicho kikaachwa kilivyo, wao watabaki nje, baba na mwana.